Malkia Ni Swali

Benchi la ofisi moja mjini Kwale nimelizoea kuliko kitanda changu. Juzi nilikuta wazee wawili, wanaongoja hati za mashamba kama mimi, wakicheza karata. Mmoja akatupa malkia, kisha akazipekua karata zake.

"Malkia ni swali," mwenzake akamkumbusha. "Ukiuliza, sharti ujijibu mwenyewe. Huna jibu, okota."

Akaokota, akiguna.

Nikaitwa dirishani. "Samahani, faili langu liko wapi?"

Karani hakuinua macho. "Wewe mara ya mwisho uliliona wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanisukumia fomu nyingine, nijaze upya.

Niliporudi benchini, yule mzee aliyeokota aliitazama fomu, akanisogezea nafasi. "Pole, mwanangu. Hadi sasa umeokota ngapi?"