Nilivyokwenda Kulilia Kompyuta

Mtoto wa dada yangu aliimwagia chai kompyuta yangu wiki ya mtihani, nikakimbilia ofisi ya chuo chetu cha huku Uarabuni inayosaidia wanafunzi waliopatwa na dharura. Mzee niliyemkuta ana kilemba na Kiarabu cha milimani, nami kwa ujanja wangu nikasema huyu Kiswahili atakijulia wapi!

Mama akapiga simu. Nikamjibu palepale mbele ya mzee, kwa sauti: "Kanuna kama kala ndimu, lakini usijali mama, nikianza kulia atalainika tu."

Nikakata simu, nikainamisha kichwa, nikatafuta machozi. Yamegoma.

Mzee akanisogezea boksi la tishu, akasema kwa Kiswahili cha Unguja:

"Fanya upesi ulie, mwanangu. Nna kikao."