Pole ya Mgongo Usiouma

Kwa miaka mingi, huku Kalama, hakukuwa na harusi wala mazishi ambayo sufuria iliwekwa motoni kabla Ndila hajafika. Alikuja na mwiko wake mwenyewe, na akishafunga leso kiunoni, kila mama alijua kama yeye ni wa kukata vitunguu au wa kuchota maji. Muthokoi wake, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, watu walikula na mengine wakafunga kupeleka nyumbani.

Kando yake daima alikuwa Mwongeli. Waliolewa mwaka mmoja, katika maboma yaliyotenganishwa na ua wa mkonge tu. Siku hizo mahindi ya muthokoi hayakupelekwa kukobolewa mashineni kule Kyumbi. Yalitwangwa, nao walitwangia kinu kimoja: mchi wa Ndila ukipanda, wa Mwongeli unashuka. Walitwanga wakiimba, wakiwateta mama wakwe zao kwa sauti ya chini, wakicheka mpaka mahindi yanamwagika. Ndila husema hajapata tena furaha ya namna ile, hata wanawe walipomjengea nyumba ya mawe.

Mwaka jana watu wakaanza kumpa pole. Sokoni, kanisani, pole na mgongo. Mgongo wake ulikuwa mzima. Aliitikia tu, akidhani ni heshima ya uzee.

Kisha ikaja harusi ya binti wa jirani yao Muema. Ndila alipofika na mwiko wake, alipokewa kwa mikono miwili, akapelekwa mbele kwenye hema, akapewa kiti na soda. Kila alipotaka kuinuka, mtu alimrudisha kwa upole. Alikaa pale akinusa moshi, akajua kwa harufu tu kwamba maharagwe yanashika chini. Hakuna aliyemtukana. Hakukuwa na neno baya ambalo angelishika na kuuliza limetoka wapi.

Aliyemletea chakula alikuwa Kanini, mke mpya wa mtoto wa Muema, ambaye humwita susu, yaani nyanya.

"Susu, Mama Masila alituambia umeomba kupumzika kwa sababu ya mgongo," alisema bila nia mbaya. "Akasema tusikuulize, utaona haya."

Mama Masila ni Mwongeli. Ndila aliweka sahani chini.

Alikaa na lile neno siku kadhaa, kisha akavuka ua. Alimkuta Mwongeli shambani akichuma mbaazi.

"Mgongo wangu ulianza kuuma lini?"

Mwongeli aliendelea kuchuma. Alisema alimhurumia, kazi ya moto ni nzito, umri umekwenda. Ndila akauliza tena, lini. Mwishowe mikono ya Mwongeli ikasimama.

"Miaka yote hiyo ni chakula cha Ndila, chakula cha Ndila. Hata ile siku ulikuwa na homa, nikapika peke yangu, watu walikuja kukushukuru wewe. Na ukaitikia."

Ndila aliikumbuka siku hiyo. "Si ungeniambia?"

"Kwa mdomo gani? Sisi tulifunzwa kwamba mwanamke wa maneno mengi hurudishwa kwao. Nilikuwa na hasira na sikuwa na pa kuiweka. Nikaivalisha huruma."

Ndila alirudi kwake bila kuaga. Alilia, zaidi kwa ajili ya wale wasichana wawili wa kinuni, maana sasa hakujua kama mmoja wao alikuwa akicheka kweli. Kwa miezi walisalimiana kanisani tu, habari, nzuri, basi.

Mzee Bartholomew, jirani yao mwingine, alipofariki, Ndila alikwenda mazishini bila kuitwa, akaketi penye viazi akaanza kumenya. Mwongeli alikuwa kwenye sufuria kubwa. Baada ya muda akasema, mbele ya wote, "Ndila, unakata vipande vikubwa sana."

"Na wewe moto wako ni mkali."

Wale wawili walibishana mpaka chakula kikaiva. Tangu waolewe hawakuwahi kuambiana hivyo usoni.

Sasa hubishana kila wanapopika, na Kanini anaamini wanachukiana. Ndila bado hutamani kile kicheko cha zamani, na anasema hakijarudi. Kinachomtia hofu siku hizi ni Mwongeli akikaa kimya. Hapo huacha anachofanya, akavuka ua kwenda kumuuliza ana nini.