Tuta la Mwaka Jana

Walisema sitafika popote. "Huyu wa nyanya yake atachunga mbuzi za watu mpaka azeeke," walisema, na hawakuwa walevi wa sokoni. Walikuwa watu wa kanisa letu, Biblia kwapani. Basi wanitazame sasa. Nimerudi kusini mwa Kitui na diploma ya udongo na maji kutoka ng'ambo, nimejenga nyumba ya mawe, na hakuna ofisa wa kilimo wa kunifundisha kuchimba tuta. Lakini juzi nilipanda kilima chetu karibu na Mutomo, nikakuta mitaro ya zamani imejaa magugu, na hasira niliyodhani imekufa ikafufuka.

Kama ulikuwepo miaka ile ya themanini, rafiki yangu, utakumbuka mahindi ya njano ya msaada. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili. Nyanya alipika majani makavu ya kunde bila chumvi, nami nikalamba sufuria kabla haijapoa. Chakula cha msaada hakikuwa cha bure. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walichimba mitaro kilimani na kutupa udongo upande wa juu uwe tuta la kuzuia maji. Ofisa alipima kwa kamba, na kila mmoja akapewa mahindi kulingana na urefu wa tuta lake jipya. Hata leo nasikia majembe yakigonga mawe, na nyimbo zao za asubuhi.

Ila mwenye njaa atachimba kwa nguvu gani? Mama mwenyekiti, aliyeongoza mwethya na pia akina mama wa kanisa, akapata njia. Wakakwangua matuta ya mwaka uliopita, yaliyokwisha kulipiwa mahindi, wakayamwagia udongo mbichi juu, yakaonekana yamechimbwa jana. "Kamba haijui umri wa tuta," alisema, wakacheka.

Nyanya hakukwangua. Alichimba jipya, hatua kumi na mbili tu, viganja vikichubuka. Siku ya kupima, ofisa akataka kunyoosha kamba hadi kwenye tuta lake la zamani.

"Na hili ni lako, mama?"

"Ni langu, lakini ni la mwaka jana. Nilishalila."

Ofisa akasimama. Akaenda tuta la mwanamke mwingine, akachomeka fimbo, na chini ya ule udongo mbichi akakuta mizizi ya nyasi. Akaanza kupima upya kilima kizima. Mahindi yakapungua kwa kila nyumba.

Jumapili hakuna aliyekaa benchi letu. Mama mwenyekiti akaomba kwa sauti: "Baba, tuhurumie sisi wenye dhambi tunaolisha watoto. Na huyu malaika wetu mshushie mana, maana mahindi ni ya wenye dhambi." Watu wakacheka katikati ya maombi! Kisha wakasema amina. Tukiwa njiani wakamwita nyanya Mtakatifu Hatua Kumi na Mbili.

Nami, sitaficha, nilimlilia jioni ile. "Susu, si ungesema tu ni jipya?" Susu ndiye nyanya kwetu. Yeye aliniita mume wake, kwa kuwa nilipewa jina la babu.

"Mume wangu," akasema, "nikimdanganya Mungu kwa debe la kwanza, la pili nitamwomba nani?"

Hatua kumi na mbili hazikutufikisha mwisho wa mwezi. Nyanya akashuka Mutomo kwa mwenye duka, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, akaomba debe la mahindi kwa ahadi. Soko lote lilikuwa limesikia kisa. "Chukua, mama," akasema. "Uliyekataa kumdanganya mwenye kamba, utanidanganya mimi?" Hakuandika popote. Jirani yetu mjane akatukopesha mbaazi, bakuli baada ya bakuli. Mwalimu wangu akanilipia karo. Hao ndio walionifikisha kwenye diploma, si wale wa amina.

Nyanya alifariki nikiwa ng'ambo, na ule ukopeshaji wa neno tupu nao umezikwa. Leo hata kiberiti huwezi kukopa bila kuacha kitambulisho.

Nilipovuna mara ya kwanza baada ya kurudi, nilipakia punda wawili. Mwenye duka, sasa mzee asiyeona vizuri, alipokea debe lake na magunia mawili juu yake. Mjane alipokea mbaazi. Mwalimu alipokea bahasha na gunia, akalia. Nilipokuwa narudi na punda watupu, mama mwenyekiti alikuwa amesimama langoni kwake, karai mkononi.

"Na sisi je, mwanangu? Si tulikuombea sana?"

"Mama," nikamwambia, "leo nalipa madeni. Wewe hunidai kitu."