Sori ya Kwenye Gogo

"Usinirushie sori kama unayemtupia mbwa mfupa," Mama Mifupa alimfokea mdogo wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji, wa kulia umeshika shoka. "Mimi si mtu uliyemkanyaga kwenye foleni."

"Dada, niseme mara ngapi?"

"Hata useme mpaka ulimi uote sugu."

Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wamefanya kazi kwenye gogo moja, katika bucha waliyoachiwa na baba yao. Kupasua paja la ng'ombe kunataka watu wawili, mmoja ashike, mwingine apige. Mpigaji huita, "Mkono!" Mshikaji akishautoa hujibu, "Haupo." Hapo ndipo shoka hushuka.

Wiki tatu nyuma mdogo mtu alikuwa akibishana mambo ya mpira na mteja. Hakuita. Shoka likala vidole viwili vya dada yake, vikarukia lundo la mifupa ya supu, damu ikatapakaa mpaka kwenye mizani. Naye, macho bado kwa mteja, akasema, "Aa, sori."

Tangu siku hiyo dada hakumshikia nyama. Leo alikuwa amekuja kulipasua gogo lenyewe, bucha ife, kila mtu ashike njia yake.

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mteja wa maini na mlilia mafuta ya bure, akashindwa kunyamaza.

"Neno lenyewe zamani halikuwa la mchezo, Mama Mifupa. Waingereza wa kale walilitoa kwenye neno lao la kidonda. Ukilitamka, ulikuwa unasema roho yako ina donda. Siku hizi wanalisema hata wakipiga chafya."

Mama Mifupa akamgeukia mdogo wake. "Umesikia? Changu hiki hapa. Chako kiko wapi?"

Mdogo mtu akapiga ndoo teke, maji ya damu yakamwagika sakafuni. Akaubamiza mkono wake juu ya gogo. "Kata. Chukua viwili, tumalizane."

Dada akainua shoka. Mwalimu akaangusha maini yake.

"Mkono!"

Vidole havikuondoka.

"Mkono, nimesema!"

"Upo," alijibu. "Upo, dada. Siku ile wako hata sikuuangalia. Kila nikifumba macho naviona vidole vyako juu ya ile mifupa. Silali. Nisamehe."

Shoka likashuka, likazama kwenye gogo, unyayo wa sisimizi kutoka kwenye kidole gumba cha mdogo wake. Mdogo mtu akatapika.

"Hilo ndilo nililokuwa nakudai," dada alisema, akilichomoa shoka. "Limelipwa. Futa matapishi yako, ulete paja. Kuanzia leo unashika wewe, napiga mimi."

Mdogo wake akalitazama shoka. "Na utaita?"

"Mimi huwa naita."