Kofia ya Babu na Visingizio Vyangu

Watu wengi wakisikia harufu ya kafuri hukumbuka msiba. Mimi hukumbuka kofia. Juzi mjukuu wangu alifungua sanduku la nguo nililokuwa nimetia vipande viwili vitatu vya kafuri kufukuza wadudu, harufu ikajaa chumba kizima, naye akaziba pua akisema nyumba inanuka maiti. Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda mbali. Nilikuwa Tabora, nina miaka kumi na miwili, nimekaa jamvini uani kwetu, na mapajani nina kitambaa ambacho niliogopa hata kukigusa.

Niwaeleze kitambaa hicho kilifikaje mapajani mwangu, ingawa habari yenyewe hainipambi hata kidogo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, vita kubwa ya pili ikipiganwa huko kwa wenyewe. Baba alifanya kazi stesheni na siku nyingi hakuwepo, mama alishinda shambani Itetemia, kwa hiyo mimi nililelewa zaidi na wazee wawili. Bibi, mama yake baba, alikuwa mshonaji wa kofia za mkono. Kofia zile hushonwa kwa bafta nyeupe ya tabaka mbili. Kwanza unachora kwa penseli, halafu unatoboa tundu moja moja kwa sindano nene, na kila tundu unalizungushia uzi mpaka lisimame lenyewe. Kofia moja huchukua miezi miwili, na wanaume wa mtaani kwetu waliweza kuiona kofia ya Bibi kwa mbali wakaitambua, kwa sababu nyota zake zilikuwa na ncha saba.

Babu yeye hakushona chochote. Katika ujana wake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo kwa miguu, miezi mitatu kwenda, na alikuwa na sugu kwenye bega la kushoto, ngumu, kubwa kama yai la kanga. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuibonyeza. Alinitania kama babu wanavyotania wajukuu, akaniita mke wangu mdogo, naye Bibi akaniita mke mwenza, na mimi nikadhani nyumba nzima ile ilijengwa kwa ajili yangu.

Labda ndiyo sababu nilikuwa na mdomo mrefu. Siku ya Idi moja ya kumaliza Ramadhani, nikiwa na miaka kumi, tulikuwa tumezunguka sinia la pilau na jirani mmoja akaisifu kofia mpya ya Babu, zile nyota za ncha saba. Nikasema mbele ya wageni wote kwamba mimi nitamshonea Babu kofia ambayo hajaivaa mtu Tabora hii. Haitakuwa na nyota wala maua. Itakuwa na njia yake, kutoka hapa mpaka Bagamoyo, hatua kwa hatua, imezunguka kichwa. Na kweli nilikuwa nikiiona, wasomaji wangu. Niliiona nzima, kama vile imekwisha shonwa na imewekwa rafuni.

Babu aliacha kutafuna. "Idi ijayo?" akauliza.

"Idi ijayo," nikasema.

Idi huja mara mbili kwa mwaka, nanyi mnajua mtoto huona miezi kama mirefu sana. Idi ile ikaja nami sijatoboa hata tundu moja. Nilikuwa na sababu. Sindano ya Bibi ilikuwa nene mno kwa vidole vyangu. Nilipopatiwa sindano nyembamba, penseli ikawa fupi. Halafu nikaona si busara kuanza kofia kabla sijaijua njia yenyewe vizuri, vituo vyote na majina yake, nisije nikamdhalilisha mzee. Halafu zikaja mvua, na uani pakawa na giza la mawingu. Halafu nikaona heri kwanza nijifunze zile nyota za ncha saba, maana mtu hawezi kubuni kabla ya kuiga. Hii ya mwisho niliipenda sana, hata Bibi mwenyewe aliikubali.

Ubaya wa visingizio vyangu ni kwamba vyote vilikuwa kweli. Sindano ilikuwa nene, na mvua zilinyesha. Lakini nilijua, kwa namna mtoto anavyojua jambo asiloweza kulitaja, kwamba kofia ya kichwani mwangu ilikuwa nzuri kupita kiasi, na kwamba siku nitakapotoboa tundu la kwanza itaanza kuharibika. Nilikuwa naogopa watu wataona kofia nyingine, ile itakayotoka mikononi mwangu.

Kila Idi Babu aliuliza mara moja tu, kwa utani, "Mke wangu mdogo, msafara umefika wapi?" Nami nikampa sababu ya msimu huo, naye akaitikia, "Haya."

Kisha vita ikaniletea sababu kubwa kuliko zote. Bafta ikaadimika madukani. Wahindi walitandaza mikono, watu wakashona nguo za viraka, na Bibi akaacha kabisa kazi ya kofia. Nakiri kwamba nilifurahi. Siku chache baada ya Idi nyingine ya kumaliza Ramadhani, Babu akiwa amekaa uani asubuhi anachokonoa meno, aliniuliza swali lake, nami nikamjibu nikiwa na uso mkavu kabisa, "Babu, bafta hakuna. Si unajua, vita."

Safari hii hakusema haya. Alinitazama, akainuka kwa shida, akaingia chumbani. Nikasikia sanduku linafunguliwa. Alitoka amekumbatia bunda la nguo nzito isiyo nyeupe sana, ile tuliyokuwa tukiiita marekani, na pamoja naye ikatoka harufu ya kafuri. "Lete mkasi wa bibi yako," akasema. Nikaleta. Akapima kwa mkono, akakata kipande kikubwa cha kutosha, kwa haraka, kama mtu anayemchinja kuku. Akanitupia mapajani na kuanza kukunja bunda lililobaki.

Bibi akarudi kutoka sokoni wakati huohuo. Akasimama na kapu lake kichwani.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

Babu akaendelea kukunja. Bibi akashusha kapu, akakaa chini palepale alipokuwa amesimama. "Umekata sanda yako," akasema.

Hapo ndipo nilipojua nimeshika nini. Wazee wengi wa zamani walikuwa wakijiwekea sanda mapema, na Babu aliinunua yake miaka mingi nyuma, akaitia kafuri ili isiliwe na wadudu. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulifungua sanduku lile.

"Nimekata kipande tu," Babu akasema.

"Hujui utakufa lini wewe."

"Ndiyo maana nimekata leo," akasema Babu, pole pole, bila ugomvi. "Ile nyingine nikishavishwa sitajiona. Hii nataka nijione kwenye kioo."

Bibi hakusema naye siku mbili. Mimi kwa siku tatu nilikibeba kile kitambaa kila nilipokwenda, na mtaniamini nikisema kwamba tayari nilikuwa na kisingizio kipya. Sasa nguo ilikuwa ya thamani mno. Nani anathubutu kuharibu sanda ya babu yake? Nilimwendea Bibi jikoni nikamwambia yafaa tukirudishe, tukishone palepale kilipokatwa. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. "Sanda haiungwi viraka mtu akiwa mzima," alisema. "Kimekatwa, kimekatwa. Ushone usishone, hakirudi."

Nikaenda nikakaa jamvini karibu na miguu ya Babu, nikakunja kitambaa mara mbili, nikachora mstari. Ulipinda. Nikatoboa tundu la kwanza, nalo likawa kubwa mno. Kofia ile nzuri ya kichwani ikafutika kama nilivyojua itafutika. Nililia kidogo, halafu nikatoboa la pili.

Nilikuwa nimepanga kila hatua iwe matundu mawili, la kulia na la kushoto, yakipishana kama nyayo, na kila kituo cha kulala kiwe duara dogo. Vituo vile ambavyo kwa miaka miwili nilisema ni lazima nivijue kwanza, kumbe Babu mwenyewe alikuwa amesahau majina ya vingi. Alichokumbuka ni maji. Hapa yalikuwa matamu, hapa ya chumvi, hapa tulichimba mchangani kwa mikono. Kwa hiyo nikashona maji. Tulipofika Mgunda Mkali, lile pori kubwa lisilo na watu, aliniambia nisitie duara lolote, nyayo tu, siku baada ya siku. Duara la juu la kofia nililifanya Tabora, nikalijaza matundu mengi yakitoka pande zote, kwa kuwa alisema kila njia ilikuwa inaingia hapa.

Na nilikosea, tena sana. Mahali fulani nilitoboa nyayo mbili za kushoto zikifuatana, na sikuona mpaka nilipokwisha zizungushia uzi. Nikamwonyesha nikiwa karibu kulia tena. Babu akaisogeza machoni. "Hapa nilichomwa na mwiba," akasema. "Nilichechemea mpaka jioni." Mahali pengine mstari ulishuka ghafla, akasema hapo palikuwa na bonde. Sikupata kukosea mahali ambapo yeye hakukumbuka jambo lililomfika njiani. Hata Bibi, aliyekuwa amenuna, akacheka, akasogeza kigoda chake akaanza kunionyesha namna ya kuvuta uzi usilegee.

Siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja kofia ikaisha. Bibi akaifua kutoa penseli na jasho la mikono yangu, akaitia uji mwepesi wa muhogo ili isimame, akaivika juu ya bakuli lililofudikizwa, akaianika juani. Alasiri tukaenda kuitoa. Nikaishika. Ilikuwa imerudi, imekuwa ndogo. Bibi alikuwa anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba nguo mpya hulowekwa kabla ya kukatwa. Alikuwa akiloweka bafta zake zote. Lakini sanda hailoweki mtu. Sanda huwekwa mpya, na sisi sote wawili tulikuwa bado tunaiona kuwa ni sanda, si nguo ya kofia.

Kofia ilikaa juu ya kichwa cha Babu kama kifuniko cha birika juu ya chungu. Bibi alijifunika uso kwa upande wa khanga. Mimi nilisema nitashona nyingine, Idi ijayo, mara hii nitaloweka kwanza. Babu alikuwa amekwisha chukua kioo chake cha kunyolea ndevu, anajigeuza huku na huku kutazama nyayo zake.

"Inatosha," akasema. "Njia yenyewe nayo imefupika. Siku hizi gari moshi linafika pwani kwa siku mbili."

Akaivaa kwenda kuswali Idi. Sisi watoto tulimfuata nyuma. Alitembea ameinyoosha shingo, hatazami kulia wala kushoto, isije ikaanguka, na nikaona jinsi alivyokuwa akitembea ujanani akiwa na mzigo. Watu walicheka, na wengine hawakujizuia. Mzee mmoja akamsimamisha, akamwuliza, "Kofia gani hiyo, ndugu yangu, umeivua kwa mtoto?" Babu akainama ili amwonyeshe, akaanza kumpitisha kwa kidole: hapa maji matamu, hapa mwiba, hapa pori. Yule mzee akaacha kucheka. Naye alikuwa mpagazi zamani. Wakasimama pale barabarani, vichwa vimegusana, mpaka wakaitwa swala inaanza. Mimi nilisikia aibu na furaha kwa pamoja, na sikujua ipi ni kubwa.

Babu alifariki mwaka uliofuata, miezi ya jua kali, Idi ya Ramadhani ikiwa imekwisha pita. Sanda ilipungua, baba akahangaika kutafuta nguo ya kuongezea, na hakuna aliyenilaumu.

Katika ukoo wetu habari hii husimuliwa mpaka leo kama somo. Husema mzee alikuwa na hekima, alijua namna ya kumtoa mtoto visingizio vyake. Nami nimeisimulia hivyo mara nyingi, kwa watoto wangu na kwa wanafunzi niliowafundisha kushona. Sasa nimeufikia umri wake, nikiamka magoti yananiuma, na naona tulikosea. Babu hakuwa ananifundisha lolote. Alikuwa anataka kofia. Alikuwa mzee aliyeahidiwa kitu kizuri mbele ya watu, akakitamani, akakaa anakingoja, na kila nilipompa sababu aliitikia haya, kisha akaenda kuhesabu kimoyomoyo siku zilizobaki. Mimi nilidhani ninapoahirisha ninatumia muda wangu.

Aliivaa Idi mbili. Zingeweza kuwa sita.