Kurasa Kumi na Moja za Peris

Kuku wa Peris Nakhungu, huko Bungoma, hufukuzwa shambani kwa Kiswahili kizito. "Ole wenu, enyi walafi," huwaambia, "ondokeni machoni pangu." Majirani wamezoea. Mgeni ndiye huuliza mama huyu alisomea wapi, na jibu ni kwamba alisomea nyuma ya duka la vitambaa mjini Kitale, mwaka wa 1986, na alisoma kurasa kumi na moja tu.

Wakati huo alikuwa mfagiaji sokoni Kitale. Miaka tisa alishika ufagio, karibu yote upande wa samaki. Aliyempanga huko ni nyapara wao, Thuo, mtu wa kitambi na filimbi, na ile filimbi ililala juu ya kitambi kama mtoto aliyeshiba. Peris akiomba apelekwe upande wa nguo walau wiki moja, apumzishe pua, Thuo alipuliza filimbi, na hilo ndilo lilikuwa jibu. Peris hakumpenda, wala hakuficha. Filimbi yenyewe aliitamani hata akiwa kanisani, mchungaji akiendelea kuhubiri.

Ndipo likaja agizo kutoka ofisini: nyapara lazima ajue kusoma na kuandika. Desemba kutakuwa na mtihani, na atakayefaulu, awe Thuo au mfanyakazi yeyote wa soko, ndiye atakayevaa filimbi. Wengi waliona ni maneno tu. Peris, Thuo na Mukhisa, askari wa langoni, wakajiandikisha kwa Bi Jaya, mke wa Madanlal mwenye duka la vitambaa, aliyefundisha watu wazima bure kila saa kumi jioni, katikati ya majora ya kitenge.

Vitabu vya serikali havikufika. Bi Jaya alikuwa na kimoja tu, cha ujana wake: mchezo wa kale wa kuchekesha, wa tajiri aliyepiga marufuku kicheko nyumbani mwake, hata watumishi wakawa wanachekea ndani ya vyungu. Kitabu kimoja, wanafunzi watatu. Mwalimu mwingine angesoma kwa sauti wao wakifuatisha. Bi Jaya alikuwa mtu wa vitambaa. Alichukua makasi ya dukani akakikatakata, maneno ya kila mhusika akayatengea fungu lake, akayashona kwa uzi mweusi.

"Chagueni," alisema. "Kila mtu ajue maneno yake vizuri, halafu tutabadilishana."

Thuo hakungoja. "Mwalimu, si mimi ndio mkubwa hapa. Nipatie hiyo nono."

Nono lilikuwa fungu la mtumishi, kwa sababu katika mchezo ule mtumishi huomba msamaha kila akifungua mdomo. Mukhisa akapata mgeni kiziwi, mistari sita, minne kati yake ikiwa "Unasemaje?" Peris akabaki na kurasa kumi na moja za bwana mwenye nyumba.

Kubadilishana hakukuwako. Thuo alikatalia fungu lake akidhani Peris anataka kumwibia maneno. Peris naye hata ungempa ekari mbili za shamba huko Kachibora asingetoa lake. Maisha yake yote Kiswahili kilikuwa cha kuagizwa: leta, fagia, ngoja hapo. Sasa alikuwa na cha kuagiza. Alifagia magamba ya samaki akinong'ona: mzembe, kaidi, baradhuli, timua. Kila neno alilirudia mpaka likakaa mdomoni kwa raha. Thuo kwa upande wake alianza kuwaambia wauza nyanya "niwie radhi" bila kujua, na siku moja aliinama mbele ya muuza vitunguu.

Desemba afisa mmoja akaja, akawapa kazi moja tu: waandike tangazo la kukataza watu kumwaga taka sokoni. Yote yangebandikwa langoni, kila moja siku yake, na soko lenyewe liamue. Mukhisa aliandika "Unasemaje?" akaenda nyumbani akiwa na furaha zake.

Jumatatu likabandikwa la Thuo. "Enyi watukufu wauzaji wa kabeji, mimi mja wenu duni nawapigia magoti. Afya zenu zikiruhusu, nawaomba hisani mpunguze taka. Nikiwa nimewaudhi, nichapwe." Akina mama walisomeana wakakaukiwa na pumzi kwa kucheka. Jioni taka zilifika magotini.

Jumanne likaja la Peris. "Ole wake baradhuli atakayemwaga taka. Atatimuliwa kabla hajafumba jicho. Kicheko ni marufuku. Nimenena." Hilo la kicheko halikuhitajika, lakini lilikuwa kwenye fungu lake na hakutaka lipotee bure. Jioni soko lilikuwa safi, hata upande wa samaki.

Akavishwa filimbi. Asubuhi yake ya kwanza ya unyapara, Thuo, sasa mfagiaji, alichelewa, ufagio begani, macho chini, akasimama mbele yake akatoa ukurasa mzima wa mtumishi, kwa sauti nzuri, bila kukwama: hisani, radhi, mja wako, nikosoe usiniache.

Peris alitafuta la kumjibu. Alipekua kurasa zake zote kichwani akakuta, kwa aibu ya kweli, kwamba hakuna neno hata moja la kusamehe. Bwana yule hakuwa nalo. Lilikuwepo neno la mwisho tu, kwenye mabano, ambalo Peris hakuwahi kulikariri kwa sababu alidhani si la kusemwa: *anacheka*.

Basi akacheka. Alicheka mpaka akashika meza ya mtu, na Thuo, baada ya kusitasita, akacheka pia, kitambi kikitikisika bila kitu juu yake.

Kisha Peris akajifuta machozi, akapuliza filimbi, akamwonyesha upande wa samaki.