Kuku wa Kufungia Dawa

Nilipoondoka Kabambare kwenda kusomea uuguzi Kasongo, nilimwahidi mama mdogo, ndugu wa mama yangu mzazi, kwamba nitamletea siku ya kufunga dawa zake. Wakati huo niliamini kila dawa ina mwisho.

Kwetu mgonjwa akipona, dawa hufungwa: kuku huchinjwa, ndugu hula, na dawa haiguswi tena. Mama mdogo anaishi na virusi vya UKIMWI. Vidonge vilikuwa vimemrudishia mwili. Alilima tena mpunga. Akaimba tena akisuka mikeka uani, kwa ile sauti ninayoisikia hata leo, huku Kasongo, kila nikikunjua mkeka alionipa.

Likizo ya kwanza nilishuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, nikamkuta kuku amefungwa mguu kwenye nguzo ya jiko.

"Daktari wetu huyu!" dada mkubwa wa mama mdogo akanitania. "Sema basi, tufunge? Ao shule imekufundisha kula kuku tu?"

Niliketi kando ya mkeka. Nikaokota kipande cha ukindu kilichokatika, nikampa mama mdogo.

"Mama, unga hiki."

Akakipachika, akasuka kidogo, vidole vikasimama. "Hiki ni kifupi, mutoto wangu. Haiko ncha ya kuungia kingine. Umeniharibia mukeka!"

"Dawa yako inafanya hivyo hivyo." Nikamweleza kwamba virusi huingia ndani ya chembe za mwili na kusuka humo nakala zao. Kidonge huleta kipande kinachofanana na cha kweli. Kikishasukwa, hakuna kingine kinachoweza kuungwa, na nakala hiyo haimaliziki.

"Na musukaji? Anakufa?"

"Hapana. Wengine wamelala ndani ya mwili, dawa haiwafikii. Siku ukiiacha, wataamka, watasuka upya, na ugonjwa utarudi."

Aliweka mkono juu ya mkeka.

"Kumbe siku yangu ya kufunga haiko."

"Haiko bado, mama."

Alimtazama kuku, kisha dada yake. "Yaya, dada yangu, mufungue. Atage. Daktari wako atakula mayai."

Yule kuku alizeeka uani, akichakura kama mwenye nyumba. Mama mdogo bado anameza vidonge vyake, bado anasuka.

Kama nyumbani kwako yuko mtu anayemeza dawa hizi na afya yake imerudi, nakuomba usimwambie aache. Mpelekee maji ya kumezea.